Wakala anataka milioni saba na nusu, baba anataka duka, mimi nataka bahari

SAFU YA USHAURI: KAZI NA MAISHA

Shangazi, salamu.

Najua wengi hukuandikia mambo ya ndoa, na hapa Uganda ukitaja neno ssenga, yaani shangazi, mtu hufikiria chumbani kwanza. Langu ni la kazi, ingawa ndoa nayo imo, utaiona.

Nina miaka 25. Nina diploma ya ufundi mitambo, na huu ni mwaka wa tatu niko kwenye karakana ya injini za boti hapa Gaba, kando ya Ziwa Victoria. Nyingi ni tu-stroki za kufungwa nyuma ya mtumbwi, hospawa 15 hadi 40. Kazi naijua. Injini ikiletwa imekwama kwa joto, kwanza nauliza kama ilikuwa "inakojoa", yaani kama ule mkondo mdogo wa maji ulikuwa unatoka ubavuni. Kama haukutoka, mara nyingi ni impela ya pampu iliyolika kwa mchanga, au gugu maji limeziba tundu la kuvutia maji. Mvuvi anayetaka kubana pesa hupunguza oili, badala ya lita moja kwa lita 50 za petroli anaweka nusu. Baada ya wiki chache pistoni imekwaruza silinda, na bei ya kuchonga silinda upya inameza alichokiokoa mwaka mzima. Kwa mwezi napata kati ya shilingi 700,000 na 900,000, kutegemea kazi.

Shida ni kwamba nataka kwenda baharini. Ilianza nilipoona video ya injini ya meli ya makontena. Inazunguka mara 80 au 100 hivi kwa dakika, wakati hizi zangu zinapita 5,000. Ina urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, na fundi anaingia ndani ya silinda na taa mkononi, anaipima akiwa amesimama. Usiku ule usingizi ulinipaa. Halafu kuna mshahara wa dola. Halafu kuna kuona dunia: Singapore, Rotterdam, Santos. Na nikisema ukweli wote, nimechoka na Gaba.

Nimepata wakala mjini Kampala. Anataka shilingi milioni 7.5 anitafutie kazi ya waipa, yaani msafishaji, kwenye chumba cha injini cha meli ya mizigo, mshahara dola 1,400 kwa mwezi, safari ndani ya wiki tatu. Amenipa karatasi yenye mhuri na namba ya meli, IMO 9512846. Mkataba, anasema, nitausaini nikifika melini. Mafunzo sihitaji kwa kuwa nina diploma, "utafundishwa huko huko". Nusu ya pesa nitume kwanza kwa simu. Ofisi yake ina meza, bendera na watu kwenye benchi, kwa hiyo sijui niseme nini.

Njia nyingine ni kwenda Mombasa kusoma. Ni ndefu, na sielewi inaishia wapi.

Pesa zenyewe si zangu. Baba ni askari mstaafu, amepata kiinua mgongo, na ametenga milioni 20 kwa ajili yangu. Anataka nifungue duka la vipuri vya injini za boti, hapa au Masese kule Jinja. Nilipomtajia bahari akaniangalia kwa muda, akasema: "Uganda haina bahari. Wewe hiyo bahari umeitoa wapi?" Kusema kweli baba sikumjua vizuri mpaka alipostaafu. Tulilelewa kambini, Kiswahili chetu ni cha huko, lakini yeye tulikuwa tunamwona likizo tu. Mama naye, kwake kila chombo cha majini ni MV Bukoba, ile meli iliyozama ziwani. Mwaka ule wa 1996 mimi sikuwa nimezaliwa, lakini habari yake naijua kama niliiona.

Mchumba wangu ni muuguzi. Kwanjula, ile sherehe ya kunitambulisha kwao, tumeipanga Desemba. Amesema atanisubiri mkataba mmoja. Wa pili hakuutaja.

Shangazi, hawa watu wanaochagua kuishi juu ya maji miezi tisa, ni wazimu au wanajua kitu ambacho sisi hatukijui? Na mimi nifanye nini?

Fundi wa Gaba

*

Mwanangu Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilichukua kalamu nikahesabu. Umeniletea mambo matatu yaliyofungwa kwenye kifurushi kimoja: wakala huyu aaminiwe au la, pesa ya Mzee iende dukani au baharini, na kama sababu zako za kutaka bahari ni za kukufikisha mbali. Tuanze na wakala, maana yeye ndiye mwenye haraka.

Kila meli kubwa ina namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Bahari, ya tarakimu saba, na namba hiyo haibadiliki hata meli ikiuzwa na kupewa jina jipya. Tarakimu ya saba huwa ni ya ukaguzi. Unachukua zile sita za mwanzo, ya kwanza unaizidisha kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, ya nne kwa 4, ya tano kwa 3, ya sita kwa 2. Unajumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ifanane na ile ya saba. Sasa chukua yako, 9512846: 63, na 30, na 5, na 8, na 24, na 8. Jumla ni 138. Namba ilipaswa kuishia na 8, yako inaishia na 6. Kwa hesabu hiyo hakuna meli inayobeba namba uliyoandikiwa. Yawezekana aliyeandika aliteleza kidole. Rudi umwombe namba sahihi na jina la meli, kisha uipige hesabu mbele yake. Utajifunza mengi kwa kumtazama tu.

Kuhusu hizo milioni 7.5. Upo Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013. Unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Yeye hulipia vitu vitatu tu: cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli, na nauli ya kurudi nyumbani mkataba ukiisha ni juu yake pia. Pasipoti ya kawaida hapa kwetu ni shilingi 250,000. Mwombe basi akuandikie kwenye karatasi yenye jina la kampuni yake kila shilingi ya zile milioni inakwenda wapi. Mkataba wako wa kazi nao, sheria hiyo inataka upewe nafasi ya kuusoma na kuuliza ushauri kabla hujausaini, na ubaki na nakala yako halisi. Mtu anayekuambia utausaini ukifika anakutaka uusaini ukiwa huna nauli ya kurudi.

Hilo la kufundishwa huko huko halikubaliki hata kidogo. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, ule wa 1978 unaoitwa STCW, unataka kila mwenye kazi ya usalama melini awe amepita mafunzo ya msingi kabla hajapewa kazi hiyo: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama binafsi, na siku hizi pia ufahamu wa ulinzi wa meli. Diploma yako ni nzuri, lakini haikukufundisha kugeuza chelezo cha kuokolea kilichoangukia tumbo juu, ambapo unasimama juu ya chupa yake ya gesi, unashika kamba ya chini na kujitupa nyuma kwa uzito wako wote. Nenda pia Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii uulize kama kampuni hiyo ina leseni ya kupeleka watu kazini nje, na kama leseni inahusu mabaharia au wafanyakazi wa nyumbani tu. Sisemi huyo ni tapeli. Nasema maswali haya yote yanajibika ndani ya siku mbili, na wakala wa kweli hayamchukizi.

Basi tumwache.

Umeuliza kama mabaharia ni wazimu. Wapo karibu milioni 1.9 duniani kwa hesabu ya mwaka 2021 iliyofanywa na vyama vya wenye meli, na wengi hutoka Ufilipino, Urusi, Indonesia, China na India. Wazimu wa watu wote hao ungeshajulikana. Wanaochagua kazi hii wana sababu, na barua yako imezitaja karibu zote: pesa, dunia, injini, na kuchoka na nyumbani. Ila umezipanga mstari mmoja kana kwamba zina uzito sawa, na hazina. Nikuulize juu ya kila moja.

Pesa. Kima cha chini cha mshahara wa msingi kilichokubaliwa kwenye Shirika la Kazi Duniani kwa baharia stadi kilikuwa dola 673 kwa mwezi mwaka 2025. Baharia stadi ana miezi mingi ya bahari nyuma yake. Waipa yuko chini yake. Ovataimu na malipo ya likizo huongeza, tena si haba, na zipo kampuni zinazolipa zaidi. Kwa hiyo dola 1,400 kwa mtu asiyewahi kupanda meli haiko nje ya dunia hii, lakini ningeomba kuona imegawanyika vipi: msingi kiasi gani, ovataimu saa ngapi. Halafu fanya hesabu ambayo wakala hakuifanya. Mabaharia wengi wa ngazi za chini hulipwa wakiwa melini tu. Miezi tisa kwa 1,400 ni dola 12,600. Ukizigawa kwa miezi 12 ya mwaka, maana Desemba utakuwa nyumbani na bado unakula, inabaki 1,050. Kwa upande mwingine melini chakula na kitanda ni vya mwenye meli, na hakuna boda boda wala mjomba wa kukukopa. Mtu mwenye nidhamu huweka akiba kule kuliko mahali pengi. Pesa ni sababu halali, usiione haya. Ila muulize yeyote aliyekwenda kwa pesa peke yake, atakwambia mwezi wa tano ndio huuma, pale ambapo pesa za mwanzo zimeshatumwa nyumbani na mwisho bado hauonekani.

Dunia. Hapa nina wasiwasi kidogo. Meli ya makontena hukaa gatini saa chache, mara nyingi haimalizi siku mbili. Meli ya mafuta hufunga kwenye gati lililo mbali na mji. Tangu mwaka 2004 kanuni za ulinzi wa bandari zimebana mabaharia kutoka getini. Na wewe ni mtu wa injini, mwanangu. Injini kuu husimama meli ikiwa bandarini, na ndipo kazi zisizofanyika ikizunguka hufanyika. Watu wa sitaha wanaweza kupata saa mbili za kwenda mjini kununua laini ya simu. Wewe utakuwa ndani ya sanduku la hewa ukikwangua masizi. Rotterdam utaiona, ndiyo. Utaiona kupitia dirisha la duara, na itakuwa usiku.

Kuchoka na Gaba sitakuuliza sana. Kila mtu wa miaka 25 amechoka na mahali. Ila ujue kwamba meli ya mizigo ina watu ishirini hivi, sura zile zile asubuhi hadi usiku, na huwezi kutoka nje kuvuta hewa ukaishia kwenye baa za Kabalagala.

Injini ndiyo sababu iliyonifanya nisome barua yako mara ya pili. Aya yako ya impela na ya oili ya lita 50 imeandikwa na mtu anayependa kujua kwa nini chuma kinakufa. Aya ya Singapore ingeweza kuandikwa na yeyote. Basi nikuonyeshe chumba cha injini kilivyo, halafu ujiulize kama ndicho ulichokiota.

Kwenye maji ya joto chumba hicho hufika nyuzi 45, na kelele hupita desibeli 100, kwa hiyo mnaongea kwa mikono huku masikio yamezibwa. Mafuta mazito yanayotumiwa na meli nyingi yanafanana na lami. Hayapiti kwenye bomba bila kupashwa moto, na yanapofika kwenye nozeli huwa na nyuzi 130 hivi. Kabla ya hapo hupita kwenye mashine ya kuyachuja kwa kuyazungusha kwa kasi kubwa, maji na uchafu vitupwe pembeni. Mashine hiyo ikichafuka, waipa huifungua, anatoa visahani vyake vyembamba kimoja kimoja, anavisugua na kuvirudisha kwa mpangilio ule ule. Akivikosea, mashine hutikisika na kupiga kelele ambayo injinia wa pili ataisikia akiwa kitandani. Lile sanduku la hewa, yaani nafasi iliyo chini ya silinda inayoleta hewa, hujaa mafuta na masizi. Isipokwanguliwa, pete ya pistoni ikivuja na moto kushuka, masizi yale huwaka yakiwa ndani ya injini. Kwa hiyo meli ikisimama, mtu anaingia humo kwa magoti na kikwanguo. Lakini kwanza injini imefungwa isizunguke, na hewa imepimwa kama oksijeni ni asilimia 20.9. Chuma chenye kutu peke yake hula oksijeni ya chumba kilichofungwa, na wengi wanaofia humo hufa wakimfuata mwenzao aliyeanguka kwanza.

Hiyo ndiyo kazi ya waipa. Kusimama ndani ya silinda na taa, kama ulivyoona kwenye video, ni kazi ya injinia. Tofauti hii barua yako haikuigusa, nami naona ndipo penye fundo.

Ipo milango miwili na haielekei chumba kimoja. Wa kwanza ni wa ngazi ya chini: cheti cha afya, mafunzo ya msingi, kitabu cha baharia, kisha utafute meli. Ukipata miezi sita ya bahari chini ya uangalizi, au miwili pamoja na mafunzo maalumu, unaweza kupata cheti cha kushika zamu ya injini. Ni njia fupi na ya bei nafuu, na hatari yake iko mwishoni. Vyeti unavyo, meli huna, na cheti cha kuzima moto na cha kujiokoa hudai kuhuishwa kila miaka mitano. Wapo vijana pwani wenye folda nzuri ya vyeti wanaouza samaki.

Mlango wa pili ni wa ofisa, unaoanza kama kadeti wa injini, yaani mwanafunzi wa uofisa. Unasoma kozi iliyoidhinishwa, kisha mafunzo ya karakana na ya melini ambayo kwa jumla hayapungui miezi 12, yameandikwa kazi kwa kazi kwenye kitabu cha kumbukumbu, na kati yake usishike zamu chini ya miezi sita. Bila programu ya namna hiyo miezi 12 inageuka 36. Hapo diploma yako ina thamani, na mikono yako ya karakana pia. Ila miaka yako mitatu ya Ziwa Victoria haihesabiwi kuwa muda wa bahari, na hata ungefanya kazi kwenye feri haingehesabiwa. Mkataba ule wa STCW umeeleza meli ya baharini kuwa isiyotembea kwenye maji ya ndani ya nchi peke yake. Inauma, najua.

Chuo kitakupa darasa. Nafasi ya kadeti melini ni jambo lingine kabisa, na ndiyo inayokwamisha wengi Mombasa na Dar es Salaam. Kwa hiyo kabla shilingi moja ya Mzee haijavuka mpaka wa Malaba, viandikie vyuo, Bandari Maritime Academy cha Mombasa na chuo cha bahari cha Dar es Salaam, uombe majibu kwa maandishi. Wanafunzi wa kozi hii waliomaliza miaka miwili iliyopita, wangapi walipata meli ya mazoezi? Nani anaitafuta meli hiyo, chuo au mwanafunzi? Na mimi ni Mganda: mamlaka ya bahari ya nchi yenu itanipa cheti na kitabu cha baharia, au nitatakiwa kuvipata kwetu? Hilo la tatu ulizia pia kwenye idara ya usafiri wa majini katika Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi hapa Kampala. Ukijibiwa kwa maneno matupu, hilo nalo ni jibu.

Lipo pia jambo dogo ambalo linaweza kumaliza mjadala wote kwa pesa kidogo. Cheti cha afya cha baharia hupima macho, pamoja na kutofautisha rangi, na hupima masikio. Wewe umekaa miaka mitatu ukijaribu injini ndani ya karakana, na katika barua yako sikuona popote penye vizibo vya masikio. Mtu akigundua kasoro baada ya kulipa karo ya mwaka, karo hairudi. Pima kwanza hata hapa Kampala, upate picha, ukijua kwamba cheti chenyewe lazima kitolewe na daktari anayetambuliwa na mamlaka itakayokupa vyeti, na hakidumu zaidi ya miaka miwili.

Sasa duka la Mzee. Umelitaja kama gereza. Mimi naliona kama biashara yenye faida na mashaka yake. Impela, plagi, gasketi na oili huisha kila siku, na wewe ni mmoja wa wachache watakaojua kumwambia mteja kwamba tatizo lake si plagi. Kwa upande mwingine wateja wako ni wavuvi, na samaki wakipungua au ukaguzi wa boti ukikaza, nao hukopa. Milioni 20 ya vipuri inaweza kulala rafuni miezi mingi. Na ukiwa baharini nani atauza? Wengine hugawa pesa mara mbili, sehemu ikaanza na kibanda kidogo kinachosimamiwa na ndugu, sehemu ikasubiri majibu ya Mombasa. Hatari ya kugawa ni kupata nusu duka na nusu kozi.

Na kuna maji mengine kati ya Gaba na Singapore. Meli za ziwani, kama ile inayovuka kati ya Nakiwogo na Lutoboka, zina injini za dizeli, giaboksi na jenereta, na zinahitaji mafundi wanaorudi nyumbani. Huko utakutana na mambo ambayo injini ya hospawa 40 haikupi, hata yale madogo: vipande vya chuma laini vinavyofungwa chini ya meli vioze badala ya meli yenyewe ni vya magnesi kwenye maji baridi, na vya zinki kwenye maji ya chumvi. Bandarini Mombasa kuna tagi za kuvuta meli. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani karibu na Tanga, na meli zitakazochukua mafuta hayo zitahitaji tagi na watu wake. Nafasi hizo sikuahidi. Nazitaja kwa sababu umeandika kana kwamba dunia ina Gaba na Rotterdam tu.

Mama yako usimcheke. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na ziwa letu bado linaua kwa sababu hiyo hiyo: boti iliyojaa kupita kiasi na watu wasiovaa jaketi za kuokolea. Mweleze kwamba meli ya mizigo ina hatari zake, ila za namna nyingine: kamba ya kufungia meli inayokatika na kurudi kama mjeledi, kuanguka ngazini, chumba kisicho na hewa, uchovu. Uchovu umewekewa sheria, saa 10 za kupumzika katika kila 24 na saa 77 katika siku saba, na si kila meli inayoandika ukweli kwenye karatasi zake. Na kuanzia Novemba 2023 meli zilirushiwa makombora Bahari ya Shamu. Mama hatafurahi kusikia hayo, lakini atajua humfichi.

Mchumba wako amesema mkataba mmoja. Sidhani ni tishio. Naona amekupa kipimo cha anachokiweza kwa sasa, kama muuguzi anavyopima dawa. Muulize anachoogopa hasa kwenye ule wa pili kabla ya kwanjula, maana baada ya kwanjula mtakuwa mnajibu mbele ya wazee. Zungumzeni pia habari za pesa: mkataba ule wa 2006 unamruhusu baharia kutumiwa familia yake sehemu ya mshahara moja kwa moja. Na umwambie kwamba mshahara usipolipwa miezi miwili, baharia huhesabiwa ametelekezwa, na bima ya mwenye meli hupaswa kumrudisha nyumbani. Mke wa baharia inafaa ajue hilo kabla ya baharia mwenyewe.

Nimemweka Mzee mwisho kwa makusudi. Umeandika sentensi moja ukaipita mbio: kwamba hukumjua baba yako vizuri mpaka alipostaafu. Mtu huyo aliishi miaka kwenye mabweni ya wanaume, akila kwa kengele, akituma pesa nyumbani na kuwaona watoto wake wakiwa wamerefuka kila likizo. Katika familia yenu hakuna anayejua maisha ya meli kuliko yeye, ingawa hajawahi kupanda. Alipokuangalia kwa muda kabla ya kukujibu, wewe ulisikia neno bahari. Mimi sijui alikuwa anafikiria nini, na huenda ni duka tu. Muulize. Usimuulize kuhusu pesa. Muulize kwa nini yeye alijiunga, na sababu ile ilidumu mpaka mwaka wa ngapi.

Na kama majibu ya vyuo yatakuja mazuri, kata tiketi mbili za basi la Mombasa, yako na ya Mzee. Mpeleke Likoni. Ukisimama pale kwenye kivuko, meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita karibu kiasi kwamba unasoma namba ya IMO kwa macho. Mpe Mzee kalamu aipige hesabu.

Shangazi